Bafu Jipya Lianze na Maji Moto, Vigae Vifuate

Katika wadi ya Shieywe, katikati ya mji wa Kakamega, ukarabati wa bafu una mpangilio uliozoeleka. Mwenye nyumba hununua vigae kwanza, kisha choo na sinki, kisha kioo, na siku ya mwisho fundi wa umeme huitwa aje afunge shawa ya umeme ukutani. Mpangilio huo umepinduka. Uamuzi wa kwanza katika bafu lolote unapaswa kuwa jinsi maji yatakavyopata moto na jinsi hewa itakavyopita, kwa sababu huo ndio uamuzi utakaolipiwa kila mwezi kwa miaka mingi, na ukishafunikwa kwa vigae haubadiliki bila kubomoa. Vigae ni muhimu, maana husafishika na huzuia maji kupenya ukutani. Lakini havipunguzi bili, wala havimpi mtu maji ya moto alfajiri.

Kakamega iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na kilomita 30 hivi kaskazini mwa Ikweta. Ndiyo maana mchana huwa na joto la kadiri, na usiku hushuka hadi nyuzi 14 au 15. Maji ya alfajiri ni baridi kiasi cha kumfanya mtoto wa shule akwepe kuoga, na kwa mzee mwenye maumivu ya viungo au mama aliyejifungua juzi, maji ya moto si anasa. Hali hiyohiyo ya hewa inatufunza jambo la pili: nyumba ya hapa haihitaji mashine ya kuipasha joto wala ya kuipoza. Anayetaka kutumia nishati kwa busara Kakamega ana kazi moja kubwa, nayo ni maji ya kuoga. Pesa za ukarabati zielekezwe hapo.

Tufanye hesabu. Shawa ya umeme ya kawaida, kile kichwa cha plastiki chenye koili ndani, huvuta kilowati 5 na nusu au zaidi ikiwekwa kwenye moto. Familia ya watu 5, kila mmoja akioga dakika 8 kwa siku, itatumia uniti 110 kwa mwezi kwa kuoga tu. Idadi hiyo ina uzito wa pekee nchini Kenya, kwa sababu bei ya umeme wa nyumbani hupangwa kwa madaraja. Tangu Aprili 2023 daraja la bei nafuu kabisa ni la wanaotumia uniti zisizozidi 30 kwa mwezi. Kabla ya hapo mpaka ulikuwa 100. Daraja la kati huishia uniti 100, na anayezidi hapo huingia daraja la juu. Kwa hiyo shawa peke yake inatosha kuisukuma familia hadi bei ya juu, na bei hiyo inalipwa pia kwa taa, jokofu na simu zinazochajiwa. Wengi wanaolalamika kwamba tokeni zinaisha kabla ya wiki kwisha hutafuta kosa kwenye mita, ilhali jibu liko bafuni.

Kuna suala la usalama pia. Shawa ya kilowati 5 na nusu huvuta ampea 23 hivi, na plagi ya kawaida imetengenezwa kubeba 13. Inahitaji laini yake yenyewe kutoka kwenye boksi la fyuzi, waya mnene, swichi yake, na eathi inayofanya kazi. Kwa kuwa anaitwa mwisho, fundi wa umeme hukuta ukuta umeshapigwa vigae, na njia rahisi iliyobaki ni kuiunganisha shawa na laini ya taa. Hapo waya hupata moto ndani ya plasta bila mtu kuona. Eathi isipokuwepo, mtu aliyelowa maji ndiye anayekuwa njia ya umeme kwenda ardhini. Hatari hii haitokani na shawa yenyewe kuwa mbaya. Inatokana na kuifikiria mwisho.

Jua ndilo jibu bora. Kenya kwa wastani hupokea kilowati-saa 4 hadi 6 za nishati ya jua kwa kila mita ya mraba kwa siku. Mtambo wa kupasha maji wenye mita 2 za mraba, hata ukinasa nusu tu ya jua la siku ya wastani, unaweza kupandisha joto la lita 150 kwa nyuzi 28 hivi, yaani kutoka 20 hadi karibu 48. Yakichanganywa na maji baridi, hayo yanaitosha familia ya watu 5 wanaooga kwa kiasi. Mtambo wa kawaida hauna hata pampu: maji yakipata moto huwa mepesi na kupanda yenyewe hadi kwenye tangi la juu, na ya baridi hushuka kuchukua nafasi yake.

Nitajibiwa kwamba Kakamega ni mji wa mvua. Ni kweli, mvua ya mwaka hapa hukaribia milimita 2,000, na ndiyo iliyoukuza Msitu wa Kakamega. Lakini mvua hiyo ina saa zake. Asubuhi nyingi huwa na jua, mawingu hujikusanya mchana, na alasiri hunyesha kwa radi na pengine kwa mvua ya mawe. Basi mtambo uelekezwe mashariki ulinase jua la asubuhi, na tangi lililofunikwa vizuri lihifadhi joto hadi usiku. Karibu na Ikweta jua hupita kaskazini nusu ya mwaka na kusini nusu nyingine, kwa hiyo kuelekea mashariki hakupotezi mengi. Siku za mawingu mfululizo za Aprili na Mei, koili ndogo ya umeme ndani ya tangi humalizia kazi. Sola haihitaji kupasha kila lita ili istahili kufungwa. Kanuni za serikali za mwaka 2012 zenyewe ziliweka lengo la asilimia 60 ya mahitaji ya maji moto.

Pingamizi la bei ni zito zaidi. Tuseme mtambo na kazi ya fundi vimefika shilingi 100,000. Ukiokoa asilimia 70 ya zile uniti 110, kwa shilingi 25 kila uniti, unaokoa shilingi 1,925 kwa mwezi, na mtambo unajilipa kwa miaka 4 na miezi kadhaa. Hata hivyo, mwalimu au mwenye kibanda sokoni hawezi kutoa 100,000 leo kwa ahadi ya miaka minne, na kumwambia akope ovyo si ushauri. Anachoweza kufanya ni kulaza paipu ya maji moto sasa. Paipu moja ya PPR kutoka darini hadi kwenye shawa na sinki, iliyozibwa ncha zake, hugharimu sehemu ndogo tu ya bei ya vigae. Isiwe ya PVC, maana hiyo hulegea kwa moto, na maji ya sola siku ya jua kali yanaweza kupita nyuzi 70. Asipoilaza, siku atakapopata pesa ya sola atakata ukuta kwa grainda, atatafuta vigae vya rangi ileile madukani avikose, na bafu alilolipia litabaki na mstari wa vigae visivyofanana kutoka dari hadi mfereji.

Wenye nyumba za kupangisha wana swali lao, na ni la haki: kwa nini wagharimike wao ilhali atakayeokoa tokeni ni mpangaji? Katika mji wenye wanafunzi wengi wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro na wafanyakazi wa kaunti wanaopanga, swali hilo linagusa maelfu ya mabafu, na soko peke yake halilijibu. Kanuni za 2012 zilijaribu. Zilitaka majengo yanayohitaji zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku yafungwe sola, na wenye majengo yaliyokuwepo wakapewa miaka 5. Upinzani ulikuwa mkali na usimamizi ukalegea, kwa sababu agizo lisiloandamana na msaada huonekana kama adhabu. Rwanda, ambayo jiji lake la Kigali liko kwenye mwinuko unaokaribiana na wa Kakamega, ilipitia njia nyingine: mpango wa SolaRwanda uliwapa wenye nyumba ruzuku na mkopo. Kaunti ya Kakamega haina haja ya kuisubiri Nairobi. Kaunti ndizo zinazoidhinisha ramani za ujenzi, na Kakamega inaweza kudai kwamba ramani ya kila nyumba ya kupangisha ionyeshe paipu ya maji moto na nafasi ya mtambo juu ya paa. Sharti hilo halimlazimishi mtu kununua sola. Linahakikisha tu kwamba atakayetaka baadaye hatakuta njia imefungwa.

Wapo watakaosema umeme wa Kenya tayari ni safi, maana sehemu kubwa hutoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa na upepo. Hilo ni kweli, lakini shida yetu ni saa. Wengi huoga jioni, wakati taa na runinga za nchi nzima zimewashwa, na mwishoni mwa 2024 Rais William Ruto alikiri hadharani kwamba jioni umeme hulazimika kupunguzwa katika baadhi ya sehemu za nchi. Maji yaliyopashwa na jua la saa nne asubuhi huuondoa mzigo huo saa mbili usiku.

Kuhusu hewa, maamuzi ni ya bei ndogo ila nayo hutangulia vigae. Joto la alasiri ndani ya nyumba hutoka kwenye mabati. Dari, matundu ya hewa chini ya paa na paa lililotokeza nje ya ukuta hulipunguza bila kiyoyozi. Bafuni adui ni mvuke. Dirisha la juu linalofunguka na mwanya chini ya mlango huutoa nje, na pasipo hivyo kuvu jeusi hushika kwenye saruji kati ya vigae hata viwe ghali namna gani.

Anayekarabati bafu mwaka huu basi aamue kwanza chanzo cha moto, njia ya paipu, laini ya umeme yenye eathi na dirisha, ndipo aende kuchagua rangi. Na fundi kabla hajachanganya saruji aulizwe swali moja: paipu ya maji moto iko wapi? Asipokuwa na jibu, kazi isianze.