Nyumba ya Mteremkoni na Haki ya Jirani wa Chini



Ndugu zetu katika imani, wazazi na wanafunzi wetu. Hapa Kigobe tunaona nyumba za kisasa zikiinuka: madirisha mapana ya vioo, baraza za ghorofani zinazotazama Ziwa Tanganyika, ua mzima umesakafiwa. Hatusemi ni vibaya. Nyumba yenye nafasi ni neema, na Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam) ameihesabu katika furaha ya mja. Lakini Bujumbura imekaa chini ya milima, ardhi yake inateremka kwenda ziwani. Mwenye kujenga juu ya mwenzake ana deni la mambo mawili: maji na macho.

Tuanze na maji, na tukiri kosa letu. Tulipojenga tulimwaga saruji ua wote, tukatoboa ukuta ili maji yatoke. Mvua ya kwanza yalitoka vizuri sana, yakaingia jikoni kwa jirani wa chini. Mama wa nyumba ile alikuja na kandambili zimejaa tope, akasema tu: “Mwalimu, maji yako yamekuja kunisalimia.” Wiki ileile tulikuwa tukiwasomesha watoto haki za jirani!

Paa la mita za mraba 100 likipigwa na mvua ya milimita 50 hutoa lita 5,000. Udongo na majani hunywa sehemu ya maji. Saruji hainywi kitu. Yote hushuka kwa jirani, kisha korongoni. Mwezi wa Februari 2014, mvua ya usiku mmoja ilileta mafuriko yaliyoua watu zaidi ya 60 katika mitaa ya kaskazini ya mji huu, Kamenge na Kinama ikiwemo. Ile ilikuwa mvua kubwa mno, lakini kila anayeongeza maji juu anaongeza nguvu yake chini.

Atakayesema, “Kiwanja ni changu, nimekinunua kwa pesa zangu,” akumbuke kisa cha Zubayr bin Al-‘Awwaam (Radhiya Allaahu ‘anhu). Shamba lake Madina lilikuwa juu ya la Answari mmoja, wakagombania maji. Mtume alimpa wa juu haki ya kutangulia kumwagilia, kisha akamtaka ayaachie yamfikie jirani. Pale maji yalikuwa ni kheri inayogombaniwa. Basi vipi pale yanapokuwa ni madhara?

Kwa hiyo ramani ya nyumba ifuate kilima. Badala ya kuchimba mlima na kujaza udongo mwingi upande wa chini, pangeni sakafu kwa ngazi, chumba hiki juu, kile chini. Udongo wa kujaza hutitia, na nyumba iliyokaa nusu juu yake hupasuka. Ukuta wa mawe unaozuia udongo uachiwe matundu ya kutolea maji, na nyuma yake uwekwe kokoto. Ukizibwa, maji hujikusanya nyuma na kuusukuma mpaka uanguke. Maji ya paa yaingie tangini, yatafaa kiangazi cha Juni hadi Agosti. Yanayozidi yapelekwe kwenye mtaro wa barabara, si uani kwa mtu. Na sehemu ya ua ibaki na majani.

La pili ni macho. Baraza inayotazama ziwa hutazama pia uani kwa jirani, mama anapofua bila mtandio. Imesimuliwa kuwa Khaarijah bin Hudhaafah alijenga chumba cha juu kule Misri, na ‘Umar (Radhiya Allaahu ‘anhu) akamwandikia ‘Amr bin Al-‘Aasw apime: mtu asimame juu ya kitanda ndani yake, na akiweza kuwaona majirani, kivunjwe. Kwetu huenda ikatosha kuinua kizingiti cha dirisha, au kuweka matofali ya matundu yanayopitisha upepo.

Basi, ndugu yangu, kabla hujampa fundi malipo ya kwanza, shuka kwa jirani wa chini. Mpe salamu, omba kusimama uani kwake, utazame juu kilipo kiwanja chako. Mambo mengi ya ramani yako utayarekebisha palepale, kwa gharama ya penseli na kifutio.

Tunamuomba Allaah Azijaalie nyumba zetu ziwe amani kwetu na kwa walio chini yetu. Aamiin.

Wallaahu A‘lam.