"Sote" ya Janga: Dhidi ya Usawa wa Kubuni katika Uhakiki

Tangu 2020 limezuka kundi la wahakiki ambao, kila wagusapo fasihi ya korona, huanza na dai kwamba maradhi hayabagui. Kwamba tajiri na maskini walivaa barakoa moja. Dai hilo huenda likawa kweli kuhusu virusi. Kuhusu jamii ni uzushi, na fasihi huandikwa na jamii.

Itazamwe barabara ya kutoka Bungoma hadi Kitale. Kafyu ya tarehe 27 Machi 2020, ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, ilitangazwa wakati msimu wa kupanda mahindi ukianza Trans-Nzoia. Matatu ya abiria 14 iliamriwa kubeba 8, na nauli ikapanda. Yaani viti 6 vitupu, vilivyolinda afya ya umma, vililipiwa na kibarua aliyekuwa akienda kupanda shamba la mtu mwingine. Mwenye shamba alisafiri kwa gari lake. Mchuuzi wa nyanya, ambaye wateja wake humjia jioni watokapo kazini, alifungasha kabla hawajafika. Mhadhiri naye (hili halisemwi sana katika majarida ya wahadhiri) alibaki na mshahara wake, akaandika kuhusu upweke.

"Kaa nyumbani" ni sentensi sahihi kisarufi. Itikadi yake imejificha katika kielezi: "nyumbani" inadokeza pahali penye akiba. Aprili 2020 serikali iliwaondolea kodi ya mapato waajiriwa wenye mshahara usiozidi shilingi 24,000 kwa mwezi, na kiwango cha juu kabisa cha kodi hiyo kikashushwa kutoka asilimia 30 hadi 25. Nafuu hiyo ilipitia hati ya mshahara. Mwanabodaboda wa Kitale hana hati hiyo, wala mama wa soko la Chwele. Neno "kibarua" lenyewe ni ushahidi: asili yake ni barua ndogo, cheti alichopewa mfanyakazi wa kutwa kuthibitisha siku aliyoifanyia kazi. Tofauti kati ya cheti cha siku na hati ya mwezi ndiyo iliyoamua nani angeweza kuitii amri ya serikali bila kulala njaa.

Watetezi wa fani watalalamika kwamba haya ni ya wanauchumi. Hata kidogo. Kiambishi cha nafsi ya kwanza wingi ni suala la fani, na ndicho kinachotumika vibaya zaidi katika maandishi haya. Msimulizi asemapo "tulijifungia", amekwisha kutaja tabaka lake, na mhakiki anayelipitisha neno hilo bila swali amejiunga nalo. Tasnifu zinazohesabu taswira za barakoa zinaweza kungoja. Kwanza ziulize msimulizi ameketi wapi: katika kimojawapo cha viti 8 vya matatu ile, au katika gari la mwenye shamba.