Mwenzako Akinyolewa

Kuna kauli inayoniudhi kuliko matusi: “Miaka yote tunakaa hapa, hakuna lililotupata.” Anayeisema huwa ameonywa asijenge mkondoni mwa maji, akamcheka aliyemwonya. Maji yakishaingia chumbani, huyo huyo huinua mikono akasema ni kudra. Kudra ni ya Mwenyezi Mungu, hilo habishi Muislamu wala Mkristo. Lakini masikio alitupa ya nini?

Watazameni watu wa Galveston, jimbo la Texas, Marekani. Bandari yao ilikuwa tajiri, imejengwa juu ya kisiwa cha mchanga ambacho mahali pake pa juu kabisa hapakufika mita 3 juu ya bahari. Indianola, mji wa pwani hiyo hiyo, ulipigwa na kimbunga mwaka 1875, ukapigwa tena 1886, hata wenyeji wakauhama. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji! Galveston wakazungumza habari ya ukuta wa kuzuia bahari, kisha wakaacha. Mwaka 1891 Isaac Cline, mkuu wa ofisi ya hali ya hewa mjini humo, akaandika gazetini kwamba kudhani kimbunga kitauangamiza mji ule ni upuuzi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Na mkuu mwenyewe akipotea je?

Tarehe 8 Septemba 1900 kimbunga kikaja, bahari ikapanda zaidi ya mita 4, ikakifunika kisiwa. Walikufa watu wasiopungua 6,000, mke wa Cline akiwamo. Katika nyumba ya yatima masista 10 walijifunga kamba pamoja na watoto. Wakafa wote 10, na watoto 90, wakaokoka wavulana 3. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nao waliujenga kweli, wa mita 5, baada ya msiba.

Tena kuna jambo siwezi kulinyamazia. Wataalamu wa Kuba, waliovizoea vimbunga, walitambua kimbunga kile kinaelekea Texas. Wakubwa wa hali ya hewa wa Washington, kwa kiburi, walikuwa wamezuia simu za maandishi za Wakuba hao, wakatabiri kitapinda kupitia Florida. Mdharau mwiba mguu huota tende! Hata kwetu kijana mwenye cheti humkata kauli mvuvi mzee, na mvuvi naye humwita mtaalamu mwongo.

Ninyi wasomaji wangu wa pwani mmezijua kusi na kaskazi tangu utotoni, na baba zenu walivuka bahari kwa kuzitii. Imekuwaje leo tangazo la upepo mkali likisomwa redioni, mnabadilisha stesheni?