Presha Ikishuka, Dafu Si Dawa



Huku pwani mtu akipata kizunguzungu huambiwa presha imeshuka. Hulambishwa chumvi, hupewa dafu. Kwa mwenye figo nzima, mara nyingi hapati dhara. Lakini kwa mgonjwa anayesafishwa damu kwa mashine, sisi wauguzi twasema wazi: dafu hilo laweza kusimamisha moyo wake.

Tumfikirie mgonjwa wa Kilwa Kisiwani. Mashine hazipo kisiwani. Hana budi kuhamia kwa ndugu, pengine Dar es Salaam, yapata kilomita 300 kutoka Kilwa Masoko, ili alale kwenye mashine saa 4, kwa kawaida mara 3 kwa wiki. Siku akija nyumbani kwa Idi au kwa msiba, huvuka kwa mashua na kupokewa kwa furaha: ng'onda, muhogo, madafu. Akieleza kwamba presha humshuka akiwa kwenye mashine, shangazi humwongezea chumvi. Ni upendo, lakini unamwumiza.

Kwa nini presha hushuka? Figo zilizoharibika hazitoi maji ya kutosha, hivyo maji hukaa mwilini mpaka siku ya mashine. Mtu wa kilo 60 akija na lita 4 za ziada, itabidi mashine ivute lita 1 kila saa. Hiyo ni karibu mililita 17 kwa kila kilo ya mwili, na wataalamu hushauri isizidi 13. Damu hupungua mishipani kabla maji yaliyomo mwilini hayajaingia kujaza nafasi, na presha huanguka. Lita hizo zililetwa na kiu, na kiu ililetwa na chumvi. Basi chumvi anayolambishwa leo ndiyo itakayomwangusha keshokutwa.

Madini ya damu nayo yana sehemu yake. Kalsiamu husaidia moyo kusukuma na mishipa kukaza. Ikiwa kidogo mno katika damu au katika maji ya mashine, presha hushuka kwa urahisi. Lakini mgonjwa asijinunulie vidonge vya kalsiamu, kwa maana ikizidi huganda kwenye mishipa. Potasiamu ni hatari zaidi. Imejaa katika dafu, ndizi na muhogo. Ikizidi, miguu hulegea, moyo hupiga ovyo, na wakati mwingine husimama bila dalili yoyote.

Hapa twajilaumu wenyewe. Twamwambia mgonjwa "presha yako ilishuka," kisha twamwacha aende. Ndugu zake wametuona tukimtilia maji ya chumvi mshipani, nao wakadhani chumvi ya jikoni ni dawa ile ile. Sivyo. Maji yale ni ya dharura, ya kipimo, na mashine ipo kando yake.

Kwa maoni yetu, presha inaposhuka mara kwa mara, muuguzi asiridhike kumlaza mgonjwa na kuinua miguu yake. Aulize: amekuja na kilo ngapi za ziada? Asubuhi amemeza dawa gani za presha? Madini ya damu yalipimwa lini? Kisha amwite ndugu anayempikia, amweleze naye.

Nanyi wa nyumbani, mpimeni uzito kila siku. Punguzeni chumvi na ng'onda. Muhogo ukatwe vipande vidogo, uchemshwe kwa maji mengi, na maji hayo yamwagwe. Dafu mnyimeni bila kuona haya. Dawa zake za presha asiziache wala kuzibadili bila daktari. Akiwa kwenye mashine akianza kupiga miayo, kutoka jasho au kukakamaa misuli, aseme mara moja. Na akizidiwa nyumbani, mlazeni, mwinueni miguu, kisha tafuteni mashua mapema. Msingoje kuche.