Wakala wa Bima na Amana ya Wazee

Ndugu Waislamu wa Mkonze, mzee wetu anapobishiwa hodi na wakala wa bima ya afya, tusimwache peke yake. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko zote, imeamrisha deni liandikwe, na aliye dhaifu asimamiwe na walii wake.

Basi kijana wa nyumba aketi naye. Aione leseni ya wakala na kuihakikisha TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, ambayo makao yake yapo hapa Dodoma. Aulize maradhi yasiyogharamiwa na hospitali zinazokubali kadi hiyo. Malipo yaende kwenye akaunti ya kampuni, si mkononi, stakabadhi ihifadhiwe.

Wakala mwaminifu hachukizwi na maswali. Anayeharakisha dole gumba, tumuage kwa wema.

Wabillahi tawfiq.