Dhahabu ya Baka na Hesabu Isiyokamilika

Kuna hadithi ya Rio ambayo hufufuliwa kila Paralimpiki inapokaribia. Inasema kwamba Septemba 2016 wanaume wanne wenye ulemavu wa macho walikimbia mita 1500 kwa muda mfupi kuliko bingwa wa Olimpiki wa mwaka huohuo, tena katika uwanja uleule. Basi, anamalizia msimulizi, wangekuwamo kwenye Olimpiki wangetwaa dhahabu. Wasikilizaji wanaguna kwa mshangao na mazungumzo yanaishia hapo.

Namba za hadithi hii ni za kweli. Abdellatif Baka wa Algeria alishinda fainali ya daraja la T13 kwa dakika 3:48.29, iliyokuwa rekodi ya dunia ya daraja hilo wakati ule. Tamiru Demisse wa Ethiopia alimfuata kwa 3:48.49, akavuka mstari amekunja mikono juu ya kichwa kwa alama ya X, ishara ya Waoromo ya kupinga serikali iliyokuwa imeonyeshwa na Feyisa Lilesa katika marathoni ya Olimpiki wiki chache kabla. Henry Kirwa wa Kenya alichukua shaba kwa 3:49.59. Wa nne, Fouad Baka, nduguye mshindi, alipata 3:49.84 na kurudi nyumbani mikono mitupu. Wiki tatu nyuma Mmarekani Matthew Centrowitz alikuwa ameshinda dhahabu ya Olimpiki kwa 3:50.00.

Kilichoharibika ni hukumu. Fainali ya Centrowitz ilikuwa na ushindi wa polepole kuliko zote tangu Los Angeles 1932, na sababu yake inajulikana kwa yeyote aliyeitazama. Mita 1500 za ubingwa hazina mweka kasi. Hakuna anayetaka kuwakingia wenzake upepo ili wampite dakika ya mwisho, kwa hiyo wote husubiriana. Siku ile mita 800 za kwanza zilikwenda kwa dakika 2:16.59, muda ambao hata mkimbiaji wa shule angejivutavuta nao. Kisha mlango ukafunguka. Piga hesabu mwenyewe: mita 700 zilizobaki Centrowitz alizimaliza kwa sekunde 93.41, yaani mwendo wa sekunde 53.4 kwa mzunguko, na mzunguko wa mwisho peke yake ulikuwa 50.62. Asbel Kiprop, ambaye aliwahi kukimbia 3:26.69, alibanwa hadi nafasi ya sita.

Mwendo wa wastani wa Baka ulikuwa sekunde 60.9 kwa mzunguko. Angeingia katika mbio zile za kusubiriana, angekaa nazo vizuri sana hadi zikaribie kengele, halafu angeachwa. Na kama angeamua kutoroka mapema, wenye 3:30 miguuni wasingekaa kumwangalia akienda na dhahabu. Muda bora wa Centrowitz ni 3:30.40. Wakikimbia kila mmoja kwa uwezo wake wa juu, Mmarekani akifika Baka angekuwa amebakiza karibu mita 120.

Kwa nini nimshushe shujaa? Simshushi. Wanaoieneza hadithi hiyo wanadhani wanamheshimu, kumbe wamemwazima Centrowitz kama mizani na kuyatupa mashindano yenyewe. Wanaume watatu wa kwanza walitenganishwa na sekunde 1.30, na rekodi ya dunia ikaanguka. Ni wangapi kati ya wasimulizi wanaoweza kutaja jina la Demisse, aliyekosa dhahabu kwa moja ya tano ya sekunde? Wanaikumbuka fainali ya Baka kwa sababu tu ya mtu ambaye hakuwamo.

Dai la pili hutoka upande wa pili wa meza: hao wa T13 wanaona, mbona wanaitwa vipofu? Hawaitwi vipofu. Herufi T ni ya mbio za uwanjani na barabarani, na madaraja ya 11 hadi 13 ni ya ulemavu wa macho. T11 haoni, au hupata mwanga tu. T12 huona kidogo sana na anaruhusiwa kuwa na kiongozi akitaka. T13 anakimbia peke yake, na ili akubaliwe ni lazima uoni wake, hata baada ya miwani bora kabisa, usivuke 6/60, maana yake kitu ambacho mwenye macho mazima anakitambua akiwa mita 60, yeye hadi akikaribie mita 6. Au upana wa eneo analoliona uwe chini ya nyuzi 40. Sasa mweke mtu huyo katikati ya kundi la watu kumi na wawili wanaopigana viwiko kwenye kona. Anayempita kwa nje anatokea ghafla. Miguu iliyo mbele yake ni ukungu. Ni ulemavu wa aina nyingine na ule wa T11, ndiyo maana wamewekwa mbali.

Kwamba udanganyifu upo, upo. Sydney 2000 timu ya mpira wa kikapu ya Hispania ya wenye ulemavu wa akili ilinyang'anywa dhahabu baada ya kubainika kwamba wachezaji 10 kati ya 12 hawakuwa na ulemavu huo. Adhabu iliwaangukia wasio na hatia: wanamichezo wa kundi hilo zima hawakushindania medali Athens 2004 wala Beijing 2008, wakarejeshwa London 2012. Leo mita 1500 za T20, daraja la kundi hilo, zinakimbiwa kwa kasi ya kutisha. Ben Sandilands wa Uingereza alishinda Paris 2024 kwa 3:45.40, rekodi ya dunia. Mkimbiaji fulani akishukiwa, ipo njia rasmi ya kupinga daraja alilopewa. Kushuku daraja zima kwa sababu mtu amekimbia vizuri ni kusema mlemavu halisi lazima awe wa polepole.

Dai ninalolisikia zaidi, tena kutoka kwa watu wanaojua riadha, ni kwamba katika T11 anayekimbia ni kiongozi na kipofu anavutwa tu kwa kamba. Kanuni inakataza jambo hilo waziwazi: kiongozi hamvuti wala hamsukumi mwenzake, na kifua cha mwenye ulemavu ndicho kinachotangulia mstarini, vinginevyo wanaondolewa. Wakimbiaji wote wa T11 hufunikwa macho, ili mwenye chembe ya mwanga asimzidi asiye nayo.

Lakini tuache kanuni, tutazame kazi. Samwel Mushai Kimani wa Kenya alishinda mita 1500 za T11 London 2012 kwa 3:58.37, iliyokuwa rekodi ya dunia, akiongozwa na James Boit; wakarudia dhahabu Rio. Boit alitakiwa akimbie muda huohuo kwa mkono mmoja uliofungwa, hatua zake zikilingana na za mtu mwingine, huku akimweleza kona inaanza wapi, nani anakuja, lini wachomoke. Katika mita 5000 unaweza kubadilisha kiongozi njiani. Katika 1500 huwezi. Akichoka yeye mmechoka nyote. Kwa hiyo tatizo halisi la T11 limegeuka kinyume cha dai: kadiri kipofu anavyozidi kuwa hodari, ndivyo inavyozidi kuwa vigumu kumpata mtu wa kumudu kukimbia naye. Henry Wanyoike, aliyepoteza uwezo wa kuona mwaka 1995 kwa kiharusi, alilijua hilo Sydney 2000. Zilikuwa mita 5000, nje kidogo ya masafa ninayoyazungumzia. Kiongozi wake alikuwa ametoka kuugua malaria, akaishiwa nguvu, na kipofu ndiye aliyemkokota mwenye macho hadi kwenye dhahabu.

Kuhusu viti vya magurudumu, eti ni mashindano ya mashine, jibu langu ni fupi. Kiti cha mbio hakina injini, na gia haziruhusiwi. Nguvu zote ni za mabega. London 2012 David Weir wa Uingereza alishinda 1500 ya T54 kwa dakika 3 na sekunde 12. Tokyo, Marcel Hug wa Uswisi alishinda mbio hizohizo kwa 2:49.55. Teknolojia pekee haielezi pengo la sekunde zaidi ya 20. London walisubiriana, kila mmoja akijificha nyuma ya mwenzake kukwepa upepo, kama walivyofanya akina Centrowitz kwa miguu. Kinachoniudhi kuhusu viti ni bei yake, ambayo imeifungia nje sehemu kubwa ya Afrika. Walid Ktila wa Tunisia, bingwa wa mita 800 za T34 Rio na Tokyo, ni mfano adimu.

Hapo ndipo tunapofika kwenye dai la nyumbani: kwamba Wakenya walitawala mbio hizi, kisha wakazembea. Ni kweli medali zimekauka. Beijing 2008 Kirwa peke yake alibeba dhahabu tatu, na London Kimani na Abraham Tarbei walishinda 1500, mmoja ya T11 na mwingine ya T46, daraja la wenye ulemavu wa mkono. Tokyo Kenya ilipata shaba moja, ya Nancy Chelangat Koech katika 1500 ya wanawake. Paris ilipata fedha moja, ya Samson Ojuka katika kuruka mbali. Kati ya waliopata medali hizo mbili, mwanamume mkimbiaji hakuwamo kabisa.

Kabla ya kumlaumu mkimbiaji, angalia ratiba. Mita 10,000 alizoshinda Kirwa Beijing hazikuwapo tena London. Mita 800 za wanaokimbia kwa miguu zilikuwapo London kwa madaraja kadhaa. Rio zikabaki za daraja moja tu, T36, pamoja na zile za viti. Hermas Muvunyi wa Rwanda alikuwa bingwa wa dunia wa mita 800 za T46 mjini Lyon 2013, na miaka mitatu baadaye akafika katika Paralimpiki isiyo na mbio zake. Ukiondoa 800 na 10,000, umeondoa masafa ambayo nchi zetu huyaendea bila kununua kifaa chochote.

Na waliobaki kwenye 1500 wamekutana na Brazil. Yeltsin Jacques alishinda T11 Tokyo kwa 3:57.60, kisha Paris kwa 3:55.82. Kimani wa London, na rekodi yake ya wakati ule, angeachwa mita 16. Jacques anatoka katika nchi ambayo tangu 2001 ina sheria inayoipa kamati yake ya Paralimpiki fungu la mapato ya bahati nasibu, na tangu 2016 ina kituo cha mazoezi cha wanamichezo wenye ulemavu mjini São Paulo. Anayesema Wakenya wamezembea atuonyeshe kwanza sheria yetu inayofanana na hiyo.