Mwezi Muandamo na Simu za Mkononi

Ras Kitau iko katika ncha ya kisiwa cha Manda, huko Lamu, imekabiliana na Shela ng'ambo ya mlango wa bahari, na jioni ya tarehe 29 ya Shaabani aliyesimama ufukoni pale hutazama magharibi, juu ya vilima vya mchanga vya Shela, akiutafuta mwezi. Siku hizi, kabla Isha haijaadhiniwa, simu zimekwisha kuleta habari na picha kwamba umeandama nchi fulani, na asubuhi yake, katika nyumba moja, huyu amefunga na nduguye anakunywa chai.

Ikhtilafu hii haikuzaliwa na intaneti. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Kuraib aliuona mwezi Sham usiku wa Ijumaa, akarejea Madina mwisho wa Ramadhani, na Ibn Abbas, ambaye watu wake waliuona usiku wa Jumamosi, hakukubali kuufuata muandamo wa Sham. Kwa hadithi hiyo wanazuoni wengi wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi pwani kwetu, walishika kwamba kila matlai, yaani kila eneo la kuandama mwezi, lina mwezi wake. Wengine wakaona muandamo wa mahali pamoja watosha umma wote. Hayo tuwaachie wenyewe.

Linalonihuzunisha mimi ni shahidi. Kuraib alikuwa mtu ajulikanaye, akaulizwa ana kwa ana kama aliuona kwa macho yake. Walakini picha izungukayo katika simu aghalabu hutumwa na asiyeona, aliyetumiwa na asiyeona, na hapana wa kumwuliza pembe za mwezi zilielekea wapi, wala wa kuujua uadilifu wake.

Wala sisemi dini iogope vyombo vipya. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu, alitoa magazeti ya Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah 1932, akaitumikisha karatasi iliyopigwa chapa kuwafunza watu dini yao kwa lugha yao. Simu nayo ina kazi njema: tangazo la kadhi sasa lafika Faza na Kiunga usiku ule ule, kabla ya daku. Basi mvuvi auonaye mwezi pale Kitau na avuke Shela, ataje jina lake mbele ya wamjuao, na sisi wengine tujizuie kusambaza chochote mpaka kadhi aseme.